Petanki kwenye changarawe ya Nyiragongo: tufe lipi na mkono gani ili pointi ziongezeke

Kila asubuhi Kituku ni mahali pa kazi. Mashua kutoka Minova na Idjwi zinakaribia ukingo, wabeba mizigo wanaingia majini hadi magotini kupokea magunia ya makala na maharagi, akina mama wanapima sambaza, watoto wanajaza bidoni za njano. Hakuna anayewaza mchezo saa hiyo. Ni kuelekea jioni tu, beseni zikishabebwa kichwani kurudi Kyeshero na Himbi, ndipo vinabaki vipande vya ardhi visivyouza kitu: udongo mweusi, changarawe ya volkano, mteremko kidogo kuelekea ziwani.

Ardhi ya namna hiyo haifai bowling. Mchezo huo unataka njia laini yenye urefu wa zaidi ya mita 18 kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza, mafuta yanayopakwa juu yake kwa kipimo, mashine ya kusimamisha pini 10 na kurudisha mpira, na umeme usiokatika. Mwenye kuishi Goma anajua kwamba hilo la mwisho peke yake linatosha kufunga mjadala. Kijana anayeangalia bowling kwenye simu na kutamani kurusha naye atapaswa kusafiri, na safari ni pesa. Tangu mwisho wa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, uwanja wa ndege ukafungwa na benki zikafunga milango, dola moja inahesabiwa mara mbili kabla ya kutoka mfukoni.

Lakini bowling ina ndugu yake ambaye hahitaji jumba, umeme wala mafuta, na ambaye hapendi hata ardhi laini kupita kiasi. Ndugu huyo ni petanki. Vinatakiwa matufe ya chuma, kipira kidogo cha mti kinachoitwa kochone, na kipande cha ardhi. Kiwanja cha mashindano ya kimataifa ni mita 15 kwa 4, lakini watu wanaocheza kwa kujifurahisha hutosheka na chini ya hapo. Changarawe ya Kituku, ile inayochubua miguu ya watoto, ndiyo aina ya ardhi inayotenganisha mchezaji mzuri na mwenye nguvu tu.

Mchezo wenyewe ulizaliwa kwa sababu ya miguu ya mgonjwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika mji wa La Ciotat, kusini mwa Ufaransa, mzee Jules Lenoir alikuwa amezuiwa na ugonjwa wa viungo kucheza mchezo wa matufe wa zamani, ambao ulidai mtu akimbie hatua kadhaa kabla ya kurusha. Rafiki yake Ernest Pitiot akapunguza umbali, akasema kila mtu arushe akiwa amesimama, miguu yote miwili ndani ya duara. Jina petanki linatoka katika lugha ya Provence, maana yake miguu iliyokita chini. Wengi wanataja mwaka 1907 kuwa mwanzo, na shindano la kwanza rasmi lilifanyika mwaka 1910. Shirikisho la kimataifa liliundwa mwaka 1958.

Afrika haikubaki kuangalia tu. Tunisia ilichukua ubingwa wa dunia wa watu watatu kwa watatu mwaka 1997, Madagascar mwaka 1999, na Madagascar tena mwaka 2016, safari hiyo nyumbani kwake Antananarivo. Ni mchezo unaokubali kwenda mahali ambapo pesa ni kidogo.

Kanuni si nyingi. Mtu anasimama ndani ya duara lenye upana wa sentimita 35 hadi 50, anarusha kochone umbali wa mita 6 hadi 10, halafu anarusha tufe ili likae karibu na kochone kadiri inavyowezekana. Timu ambayo tufe lake liko mbali zaidi ndiyo inaendelea kurusha, mpaka ifanye vizuri zaidi au ikose matufe. Yakiisha yote, timu iliyo karibu inapata pointi moja kwa kila tufe lake lililo karibu zaidi kuliko tufe bora la wapinzani. Wakicheza wawili kwa wawili kila mtu ana matufe 3, watatu kwa watatu kila mtu ana 2, hivyo timu haiwezi kupata zaidi ya pointi 6 kwa duru moja. Anayefika 13 wa kwanza ameshinda.

Mpaka hapo hata mtoto anaelewa. Shida inaanza pale mtu anapocheza miezi mitatu, anarusha kila jioni, na bado anafungwa 13 kwa 5. Mara nyingi anadhani mkono wake hauna nguvu. Nguvu siyo inayokosekana. Pointi nyingi zinapotea kabla tufe halijatoka mkononi, kwa sababu mbili: tufe lenyewe haliendani na mkono wake, na macho yake yanaangalia mahali pasipofaa.

Tufe linaanzia kwenye kiganja

Tufe halali la mashindano ni la chuma, lenye kipenyo cha milimita 70.5 hadi 80 na uzito wa gramu 650 hadi 800. Ndani ni tupu. Hesabu rahisi inaonyesha sababu: tufe la milimita 74 kama lingekuwa chuma kitupu lingepita kilo moja na nusu, na hakuna mkono ambao ungerusha hilo jioni nzima. Kwa hiyo viwandani hubonyezwa nusu mbili za chuma, zikaunganishwa kwa kuchomelewa, na ukuta wa tufe la gramu 700 unabaki na unene wa takriban milimita 6. Ukuta huo ukiwa haulingani pande zote, tufe linayumba linapoviringika, na mchezaji analaumu jiwe.

Kuna seti za matufe 6 au 8 zinazouzwa kwa bei ndogo, zikiwa na mfuko wa rangi nzuri. Hizo ni za kuchezea pwani wakati wa likizo. Nyingi si halali kwa mashindano, uzito wake haulingani tufe kwa tufe, na chuma chake hupata mabonde haraka kwenye mawe makali. Matufe ya mashindano huuzwa matatu matatu, na kila tufe limechorwa jina la kiwanda, uzito na namba yake. Ulaya seti ya matatu huanzia makumi kadhaa ya euro na nyingine hupita 200. Kwa familia ya Kituku hiyo si pesa ya mchezo. Ndiyo maana ni bora vijana wanne washirikiane seti mbili nzuri kuliko kila mmoja kununua yake mbaya, na ni bora zaidi kujua cha kuchagua kabla ya kumwagiza ndugu aliye ng'ambo.

Cha kwanza ni ukubwa. Shika tufe, geuza mkono kiganja kiangalie chini, vidole vinne vikiwa pamoja, kidole gumba kikikaa pembeni bila kubana. Kama linakutaka ukaze vidole ili lisianguke, ni kubwa. Kama vidole vinalizunguka na kukaribia kukutana na kiganja, ni dogo, litachelewa kutoka mkononi. Linalofaa hukaa lenyewe, na ukifungua vidole linaondoka bila kukwama. Wanaosogeza, yaani wale ambao kazi yao ni kuweka tufe karibu na kochone, hupenda matufe madogo ya milimita 71 hadi 73, na mazito kidogo, gramu 700 kwenda juu. Wapigaji, ambao kazi yao ni kuliondoa tufe la mpinzani, huchukua makubwa zaidi, 73 hadi 76, na mepesi zaidi.

Hapa kuna kosa ambalo wengi hulifanya. Mpigaji anasikia kwamba tufe kubwa linagonga kirahisi, basi anachukua la milimita 76 wakati mkono wake ni wa 72. Tuhesabu. Tufe linalolengwa lina milimita 74. Ukirusha la 76, linaligusa likipita popote ndani ya mlango wa milimita 150. Ukirusha la 71, mlango huo unakuwa milimita 145. Faida yote ni milimita 5, nusu ya upana wa ukucha wa kidole kidogo. Mkono uliobana kwa sababu tufe ni kubwa hupoteza zaidi ya hizo kwa urushaji mmoja tu.

Uzito nao una mantiki yake hapa Goma kuliko mahali pengine. Tufe jepesi likigonga jiwe la volkano linaruka pembeni. Zito linasukuma vijiwe vidogo na kuendelea na njia yake. Msogezaji wa Kituku anayeweza kubeba gramu 720 au 730 bila mkono kuchoka mwishoni mwa mchezo atafaidi. Lakini kuchoka ni neno la kuzingatia: katika mchezo mrefu mtu anarusha makumi ya mara, na aliyebeba magunia tangu alfajiri hana mkono sawa na aliyelala mchana.

Jambo la tatu, ambalo duka halisemi sana, ni ugumu wa chuma. Kuna matufe laini, ya kati na magumu. Gumu linadumu miaka mingi na halichubuki, lakini likianguka juu ya jiwe linaruka kama mpira. Laini linakufa pale lilipoanguka. Kwenye uwanja wa udongo ulioshindiliwa tofauti hiyo haionekani sana. Kwenye changarawe nyeusi ya Goma tofauti inaonekana kwa duru ya kwanza. Anayecheza hapa achukue laini au la kati, akubali kwamba litapata makovu mapema.

Makovu yasimtie mtu tamaa ya kulipeleka kwa fundi. Kanuni zinakataza kulibadilisha tufe kwa namna yoyote: kutia mchanga au risasi ndani, au kulichoma upya motoni ili chuma kilainike. Ujanja huo wa moto ulishajulikana zamani kwenye mashindano ya Ulaya, na anayekamatwa anafungiwa. Kuhusu mistari iliyochongwa juu ya tufe, wauzaji huisifu mno. Inasaidia vidole kidogo kushika, inasaidia kidogo kusimamisha tufe kwenye ardhi laini. Anayependa mkono ukiwa mkavu achukue lenye mistari. Basi.

Ardhi isomwe kwanza

Mwaka 1977, 2002 na 2021 Nyiragongo ilitapika, na lava ya Januari 2002 ilikata katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani. Wakaaji wamejenga juu ya jiwe hilo, wamelivunja kwa nyundo, wamelitandaza barabarani na viwanjani. Kwa mchezaji, jiwe hilo lina tabia mbili. Lina matundu na kona kali, kwa hiyo halimruhusu mtu kuviringisha tufe mita 7 chini kwa chini na kutumaini kwamba litanyooka. Na halikai mahali pamoja: mvua ikinyesha usiku, au chukudu ikipita na mzigo, uwanja wa jana si uwanja wa leo.

Kwa sababu hiyo kila msogezaji mzuri hutembea kwanza. Anatoka kwenye duara hadi kwenye kochone akiangalia chini. Hatafuti njia yote, anatafuta sehemu moja yenye ukubwa wa sahani ambapo tufe litaangukia. Wafaransa wanaiita donnée. Akishaipata, anarudi ndani ya duara na anaiangalia hiyo, wala haangalii kochone tena. Hiki ndicho kitu ambacho wanaoanza hawaamini. Macho yao yamekwama kwenye kochone, mkono unafuata macho, tufe linaanguka mbali kupita kiasi na kukimbia nyuma. Ukibadilisha macho tu, bila kubadilisha kingine chochote, matufe yanaanza kusimama.

Kuna namna tatu za kusogeza. Ya kwanza ni kuviringisha, mtu akiwa amechuchumaa, tufe likigusa ardhi mita moja au mbili mbele yake. Kwa Kituku inafaa pale tu ardhi iliposhindiliwa na miguu ya watu. Ya pili ni kurusha nusu: tufe linaanguka katikati ya njia, halafu linaviringika. Ya tatu ni kurusha juu, tufe linapanda mita kadhaa hewani na kuanguka karibu kabisa na kochone, likisogea kidogo tu. Kwenye mawe ya volkano namna ya tatu ndiyo salama zaidi, kwa sababu tufe linakutana na mawe machache. Ndiyo ngumu zaidi pia, na haiwezekani bila mzunguko wa kurudi nyuma, ambao tutauona.

Karibu na maji, kwenye mchanga uliolowa, mambo yanageuka. Tufe linazama na kufa papo hapo. Pale aliyezoea changarawe anabaki mita nzima nyuma ya kochone, anashangaa. Arefushe mahali pa kuangukia, asiongeze nguvu. Na mteremko kuelekea ziwani usisahaulike: tufe likipoteza mwendo ndipo linapoanza kutii mteremko, kwa hiyo kona yote hutokea mwishoni. Anayetaka lifike kwenye kochone alitupe upande wa juu, ule wa barabara, alipe nafasi ya kushuka.

Mkono

Mkono wa petanki unafanana na wa mtu aliyebeba bidoni tupu akitembea bila haraka. Unaning'inia kutoka begani, unakwenda nyuma, unarudi mbele, hausukumwi. Umbali hauongezwi kwa kutupa kwa nguvu. Unaongezwa kwa kuupeleka mkono nyuma zaidi kabla ya kuuachia urudi. Atakayelishika hilo ameshatatua nusu ya matatizo yake, kwa sababu nguvu za misuli hubadilika siku kwa siku, lakini mkono unaoning'inia huanguka vilevile jana na leo.

Kiganja kinaangalia chini tangu mwanzo hadi mwisho. Wanaorusha kiganja kikiangalia juu, kama mtu anayemwaga maji ya kuoga, tufe lao linaanguka na kukimbia mbele. Kiganja kikiwa chini, vidole ndivyo vinavyoachana na tufe mwisho kabisa, na vinapoachana vinalivuta liwe linazunguka kuelekea kwa mrushaji wakati lenyewe linasonga mbele. Likigusa ardhi, mzunguko huo unafanya kazi ya breki. Mtu hahitaji kukunja kifundo cha mkono kwa vurugu. Kinakunjwa kidogo ndani mkono ukiwa nyuma, kinafunguka chenyewe mbele. Aliyeumia kifundo baada ya wiki mbili amekuwa akikilazimisha.

Miguu ikae yote chini, ndani ya duara, mpaka tufe liguse ardhi. Hiyo ni kanuni, lakini ni msaada pia. Anayesimama kwenye vidole vya miguu wakati wa kurusha hubadilisha urefu wake kila mara, na pamoja na urefu hubadilika mahali pa kuangukia. Wabeba mizigo wa Kituku wanalijua hili kuliko mwalimu yeyote: juu ya ubao wa mashua, mwenye kuinua kisigino na gunia mgongoni anaingia majini. Mkono ule mwingine upanuliwe kidogo pembeni kwa mizani. Baada ya kuachia, mkono unaorusha uendelee kupanda kuelekea lengo. Ukiuzuia ghafla, tufe linakwenda kushoto au kulia.

Kupiga ni kazi nyingine. Mpigaji hasimami kuhesabu mawe, anatafuta chuma kwa chuma: tufe lake lianguke moja kwa moja juu ya tufe la mpinzani bila kugusa ardhi kwanza. Njia ya kupiga chini kwa chini ipo, na mahali penye udongo sawa inalipa, ila hapa jiwe moja tu linatosha kulirusha tufe juu ya lengo. Kutoka mita 8, ule mlango wa milimita 150 tuliouhesabu unamaanisha kwamba kosa linaloruhusiwa kila upande ni karibu nusu ya digrii. Ndiyo maana mpigaji mzuri ni mtu wa kurudia mwendo uleule mara elfu. Akigonga na tufe lake likabaki palepale lilipokuwa la mpinzani, hiyo inaitwa karo, na ni kitu kitamu kuliko vyote katika mchezo huu, kwa sababu kwa tendo moja amefuta pointi ya wengine na kuandika yake.

Utamu huo pia ndio unaowaponza vijana. Wanataka kupiga kila tufe. Timu iliyobaki na matufe mawili, mpinzani akiwa sentimita 60 kutoka kwenye kochone, haina haja ya kupiga. Isogeze. Mpinzani akiwa sentimita 10, na tufe lake limekaa mbele, hapo apige. Tufe lililo mbele ya kochone linaziba njia, na likigongwa na mwingine husogezwa mbele, pengine karibu zaidi. Lililo nyuma halisaidii mtu. Kwa hiyo kosa la kurusha fupi kidogo linavumilika, la kurusha ndefu mara nyingi ni tufe lililokufa.

Daftari la shule linatosha

Kucheza kila jioni si sawa na kujifunza. Anayecheza tu hukumbuka karo mbili alizopiga siku ya posho na kusahau matufe ishirini yaliyopotea. Njia isiyo na gharama ni hii: chora duara, weka kochone mita 7, rusha matufe 10, pima kwa kamba ni mangapi yako ndani ya sentimita 50. Andika. Halafu mita 9, andika tena. Mtu ambaye ana 6 kwa mita 7 na 2 kwa mita 9 amepata habari kubwa: akishika kochone yeye, airushe karibu, na kama mpinzani anairusha mbali, hilo ndilo la kufanyia mazoezi kesho.

Wapigaji wana mtihani wao ambao upo hata kwenye ubingwa wa dunia. Tufe linawekwa katikati ya duara lenye upana wa mita moja, mchezaji anapiga kutoka umbali wa aina nne, katika mipangilio mitano tofauti, jumla mara 20. Akiligusa bila kulitoa anapata 1, akilitoa nje ya duara 3, akipiga karo 5. Ukomo ni 100. Anayeanza akipata 10 asione haya. Mtihani huo unaweza kuchorwa kwa kijiti hapo Kituku, na namba yake haibembelezi mtu.

Wanaoishi bila matufe bado wana njia ya kuanza. Kabla ya miaka ya 1920 matufe hayakuwa ya chuma, yalikuwa ya mti mgumu uliopigiliwa misumari kila mahali hadi yakang'aa. Fundi anayechonga gurudumu la chukudu hawezi kushindwa na tufe la mti. Tatizo ni uzito: mti wa mkaratusi wa milimita 75 haufiki hata gramu 250, na hiyo misumari ndiyo iliyokuwa inaongeza. Kwa watoto wa miaka 8 au 10 wepesi huo ni baraka. Watajifunza kiganja chini, macho mahali pa kuangukia na miguu ndani ya duara, na hayo hayabadiliki siku watakaposhika chuma. Ziwa lenyewe, ambalo tarehe 3 Oktoba 2024 lilimeza mashua iliyotoka Minova mbele ya macho ya waliokuwa wakiingoja Kituku, si mahali pa kumwachia mtoto ajifurahishe peke yake jioni.

Kwa wenye matufe ya chuma cha kawaida, unyevu wa ziwa ni adui. Yanapata kutu kwa usiku mmoja kama yamewekwa na mchanga uliolowa. Yafutwe kwa kitambaa kikavu, yapakwe tone la mafuta, na kabla ya kucheza mafuta yafutwe tena, la sivyo yatateleza vidoleni. Kitambaa hicho kikae mfukoni wakati wote wa mchezo. Punje moja ya changarawe iliyoganda kwenye tufe inatosha kuharibu mzunguko, na mchezaji ana dakika moja ya kurusha, muda wa kutosha kabisa kufuta.

Kamba ya kupimia nayo isikosekane, kwa kuwa ugomvi mwingi wa petanki ni wa sentimita mbili. Apime aliyerusha mwisho au mwenzake wa timu, na wengine wasiguse chochote mpaka amalize.

Ikifika saa kumi na mbili na nusu giza limeingia, mitumbwi ya sambaza imewasha taa zake mbali ziwani, na kochone ya milimita 30 yenye rangi ya mti haionekani tena juu ya jiwe jeusi. Kanuni zinaruhusu ipakwe rangi yoyote. Kwa Kituku, nyeupe ndiyo inayoongeza nusu saa ya mchezo.